Wembe wa Muzee Floribert

Bunia, Rwambuzi, tarehe 15 Januari 2023

Kwako Yaya Vahwere, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, na uzigawe hapo Butembo kwa kila anayetuulizia, hata wale wanaotuulizia kwa unafiki. Solange ni mzima, kikohozi kimemwachia. Patience amepanda darasa. Abigaël ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hacheki mbele ya wageni. Shuleni tunaendelea, ila darasa langu lina watoto sabini na wanane, maana familia zinazokimbia Djugu bado zinaingia mjini na huwezi kumfungia mtoto mlango. Tunabanana hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu unajibu "eeh, eeh", halafu mdogo wetu Kule ananiambia baadaye kwamba hukusikia hata neno moja. Masikio yamegoma, yaya, ukubali tu. Jean-Claude dereva atakuletea barua hii akija kushusha samaki.

Sasa nikupe habari za nyembe zangu, najua utacheka. Nyembe za kukunja zimefika thelathini na moja. Likizo ya Noeli nilikwenda mpaka Mahagi-Port, nikamkuta mama mmoja wa samaki anakata nyuzi za nyavu kwa wembe wa zamani. Nilipoufuta magamba nikaona alama kwenye shina, pale chuma kinapoingia mpinini: funguo mbili zimepishana. Nilishindwa hata kula. Nilituma picha kwa mzee mmoja wa Ubelgiji ambaye kazi yake tangu astaafu ni kuwatafuta mafundi wa nyembe, akanijibu kwamba alama hiyo ni ya karakana ya Sheffield, Uingereza, iliyofungwa kabla babu yetu hajazaliwa. Hebu fikiria, chuma hicho kimetoka wapi, kimepita mikono mingapi, mpaka kikaishia kwenye nyavu za Ziwa Albert! Nimekiandika kwenye daftari, ukurasa mzima.

Kule aliniambia umeuliza wembe wa baba. Upo, bado nautafiti. Msalimu baba, mwambie asiruke dawa.

Mdogo wako,
Adolphe

Butembo, tarehe 12 Februari 2023

Adolphe mdogo wangu,

Salamu nimezigawa. Za unafiki nimempa mama Scholastique wa jirani, unamjua. Hapa mvua haikati, unga hauuziki kwa sababu umeshika unyevu, lakini hatujalala njaa. Kule amepata mtoto wa kiume na anatembea barabarani kama yeye ndiye aliyezaa.

Baba yupo. Mkono wa kulia ndio huo, tangu ugonjwa wa Agosti haujarudi. Anakula vizuri, anasali, anagombana na redio. Ila Adolphe, baba ana ndevu.

Uisome tena hiyo sentensi. Mtu aliyenyoa watu wa Butembo miaka arobaini na miwili kwenye mlango wa soko, mtu ambaye hatukuwahi kumwona asubuhi kabla hajanyoa, leo ndevu zimemfika kifuani. Nimejaribu jileti ya duka. Aliitazama akaniuliza, "Hii ni ya kunyoa mbuzi? Wembe yangu iko wapi?" Anauliza kila asubuhi, wembe yangu iko wapi, na mimi namjibu iko kwa Adolphe, inakuja. Watu wakija kumwona anajifunika taulo mpaka puani. Juzi pasta alisali naye dakika thelathini, taulo halikushuka. Anaona haya.

Ulikuja Agosti ukakaa siku nne. Uliondoka na wembe ndani ya koti, ukasema wiki mbili tu, ujue nani aliutengeneza. Hii ni Februari. Mganga wa hospitali ameniambia mimi peke yangu kwamba moyo wa baba umechoka na hauendi mbali. Sitaki afe ndani ya taulo. Mpe Jean-Claude huo wembe.

Dada yako,
Vahwere

Bunia, tarehe 26 Machi 2023

Yaya,

Tumepokea salamu zako, nasi tunazirudisha mara mbili. Hongera kwa Kule. Usinikasirikie kwa kuchelewa: barabara ya Komanda ilifungwa, Jean-Claude amelala ndani ya lori siku kumi na tisa akisubiri msafara wa wanajeshi, na barua yako ikalala naye. Abigaël ameota jino moja.

Kuhusu wembe, elewa kwamba kumtafuta fundi si kazi ya siku moja. Alama ya wembe wa baba ni jogoo. Huko Solingen, Ujerumani, nimepata mafundi watatu waliotumia jogoo: mmoja jogoo wake anatazama kushoto, mwingine ana mkia wa manyoya matano, wa tatu amesimama juu ya jiwe. Nimeandika barua huko na nasubiri jibu. Tena kwa hali hii ya barabara, unaona kweli ni busara kutuma kitu kama hicho ndani ya lori?

Nakuletea mashine ya kunyolea, mpya, ya batri. Vinyozi wote wa Bunia sasa wanatumia hii. Mwambie baba dunia imebadilika kidogo.

Adolphe

Butembo, tarehe 9 Aprili 2023

Adolphe,

Leo ni Pasaka, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Tumekula kuku. Solange na watoto nawabariki.

Mashine nimempa Kule. Nilipoiwasha baba alisema, "Toa hiyo nyuki hapa." Na mimi nakuuliza: barabara hiyo hiyo inazuia wembe lakini haizuii mashine?

Nitakuambia jambo nililolinyamazia miaka. Ulipoingia sekondari ulijaza fomu, na mahali pa kazi ya baba ukaandika "mfanyabiashara". Ulimletea asaini. Baba hakusoma sana, lakini neno "kinyozi" alilijua vizuri, lilikuwa kwenye kibao chake mwenyewe. Alilitafuta kwenye ile karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, hakulikuta. Akasaini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na chungu cha maji ya moto.

Na mara ngapi alikuita usimame karibu na kiti chake akufundishe mkono? Ulikuwa na mtihani. Kila siku mtihani. Leo unazunguka mpaka ziwani kutafuta nyembe za baba wa watu wengine, unajua jogoo wa Ujerumani anatazama wapi, na baba wa kwako ameketi hapa na taulo. Unaficha nini?

Vahwere

Bunia, tarehe 2 Mei 2023

Yaya,

Salamu kwenu wote. Hapa wote wazima.

Usiongeze neno. Ile barua nimeisoma mara moja na siwezi kuirudia. Wembe ndio huu, Jean-Claude atautia mkononi mwako wewe, si mwingine. Utaona mpini ni mweusi zaidi, nimeusugua kwa mafuta. Bapa la chuma nalo utaliona pana kidogo kuliko ulivyozoea, ni fundi wangu wa hapa aliyelitengeneza vizuri. Jogoo yupo, angalia kwenye shina. Fundi wa kwanza bado sijamjua.

Mnyoeni baba. Mniambie alivyosema.

Adolphe

Butembo, tarehe 18 Mei 2023

Adolphe,

Tunakusalimu. Mvua imepungua, unga unakauka. Mtoto wa Kule ameanza kushika vitu.

Wembe ulifika salama. Nilimpa baba siku hiyo hiyo. Aliupokea kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaufungua kwa meno nikapiga kelele. Akapitisha kidole gumba kwenye chuma, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akataka mkanda wake wa ngozi wa kunolea. Mimi nikaushika upande mmoja, yeye akapitisha wembe mara sita, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Mimi na masikio yangu haya sikusikia chochote. Aliukunja taratibu, kisha akasema, "Sawa. Mutoto ametuma wembe. Umwambie aksanti."

Nilimnyoa mimi, kwa maji ya moto na povu alivyokuwa akifanya. Mkono wangu ulijua zaidi ya nilivyodhani. Alipojishika kidevu alicheka, na kesho yake pasta alipokuja alimkuta ameketi nje, uso wazi, anasalimia wapita njia. Umemfurahisha.

Anasema mara ijayo umnyoe wewe. "Aje, anyoe yeye mwenyewe." Anarudia hivyo kila siku. Njoo likizo ikianza. Hakusema kingine, na mimi sina la kuongeza.

Vahwere

Bunia, tarehe 25 Juni 2023

Yaya Vahwere,

Salamu ziwe nyingi leo kwa sababu ukimaliza kusoma sijui kama utazitaka. Watoto wamefaulu. Solange anajua ninachokuandikia, amekaa pembeni yangu na haniangalii.

Ule wembe niliotuma si wa baba.

Wa baba niliutoa Oktoba mwaka jana. Mzee wa Ubelgiji aliponijibu kuhusu jogoo, alisema ni karakana iliyotengeneza maelfu na maelfu kwa ajili ya makoloni, kitu cha kawaida kabisa, tena huu umelika katikati kwa kunolewa sana. Kwa wakusanyaji kulika ni kasoro, wembe kama huo hauwekwi kwenye sanduku. Nilisoma hayo nikaona aibu, yaya. Nilikuwa nimemwandikia kwa majivuno, wembe wa familia yangu, na yeye akanijibu mistari miwili. Mwezi huo huo Vital, yule mfanyabiashara wa Mahagi-Port anayevuka ziwa kwenda Uganda, alikuwa na wembe wa Sheffield wenye mpini wa pembe, mzima, haujaguswa. Alisema mteja wake wa Kampala anapenda vitu vyenye historia ya watu, akauliza kama nina chochote. Nikampa wa baba, tukabadilishana. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na hilo ndilo linaloniua zaidi, kwamba nilifurahi.

Ulipoanza kuuliza nilimtafuta Vital. Mteja ameshauuza mbele, Ulaya, hajui kwa nani. Mambo ya mafundi watatu wa Solingen yalikuwa ya kukupotezea muda, jibu ninalo tangu Oktoba. Halafu nikatafuta jogoo mwingine mpaka nikampata, nikakudanganya kuhusu mpini, nikakudanganya kuhusu fundi, na nyinyi mkashangilia.

Kilichoula ule wembe ni sisi. Ni vile vichwa vyote alivyonyoa ili mimi nikae darasani niandike "mfanyabiashara". Daftari langu lina majina ya mafundi hamsini na wawili wa Ulaya, miaka yao, alama zao, mitaa yao. Jina la baba halimo. Nililitafuta jana usiku kwa kidole kama yeye alivyofanya.

Barua yako ya mwisho inasema alifurahi. Kila nikiisoma naona haya mpaka nageuza uso ukutani. Usimwambie. Nitakuja mwezi wa saba nimwambie mwenyewe. Tena ujue kwamba sijawahi kumnyoa mtu, hata mmoja. Nina nyembe thelathini na moja na mwenyewe nanyolewa kwa mashine, saluni ya Ngezi.

Adolphe

Butembo, tarehe 20 Julai 2023

Adolphe,

Nakusalimu katika msiba wetu. Solange namshukuru kwa alivyonipigia, ingawa nilisikia kilio tu na si maneno. Watu walikuwa wengi mno. Wazee aliowanyoa siku ya harusi zao walikuja na fimbo.

Barua yako ya Juni ilikuwa bado Komanda baba alipokufa tarehe 9. Niliipokea tarehe 13, siku mbili baada ya mazishi. Kwa hiyo hukufika kumwambia, na mimi sikuwa na cha kumficha.

Unajua jinsi ilivyokuwa, Kule alikupigia. Baba alikuwa na ndevu za siku nne. Baba wadogo walisema kinyozi hafungiwi ndani ya sanduku na ndevu, na atakayenyoa ni mtoto wake mkubwa wa kiume, aliye njiani. Tukaweka maji motoni. Tukaweka kiti. Walikungoja mpaka siku ya pili saa nane, maji yakapoa nikayarudisha motoni mara tatu, ndipo Kule alipokuja akasema Adolphe anasema ndege imejaa. Nikamnyoa mimi. Nilitumia maji ya moto ingawa hasikii tena.

Sasa hilo la wembe. Sikiliza: tulijua siku ile ile. Mimi ni binti wa kinyozi, Adolphe. Wembe ukinolewa unapungua, hakuna fundi duniani anayeupanua, na wewe uliniandikia hivyo kwa mkono wako. Nikangoja tu baba aseme. Baba alipomaliza kusikiliza mkanda alisema, "Hii haiko yangu. Yangu iliisha katikati." Mimi nikaanza kukutukana, akanikataza. "Usimwambie. Ataona haya. Weye nyoa tu." Akaniapisha kwa jina la mama. Ile barua yangu ya Mei niliiandika na yeye ameketi karibu, ananiambia niongeze kwamba alicheka. Kweli alicheka, hapo sikudanganya.

Kwa nini alikuita uje umnyoe? Nilimuuliza, kwa hasira, utanyolewaje na wembe wa uongo mikononi mwa mwongo. Akaniambia, "Akininyoa na hii, itakuwa yangu." Kila gari likisimama aliuliza ni nani.

Sikukasirikii tena kwa habari ya wembe. Yeye alishaimaliza, mimi ni nani niianze upya. Ndege imejaa, barabara imefungwa, ndiyo nchi yetu. Ningekuwa na hasira kama ungekuwa na njia ukakataa.

Tunamaliza matanga tarehe 5 Agosti, sote tutanyolewa vichwa. Weka nafasi mapema.

Dada yako,
Vahwere

Bunia, tarehe 30 Julai 2023

Yaya Vahwere,

Solange anakusalimu, watoto pia. Barua hii nampa Jean-Claude leo, aipeleke mbio, nataka uisome kabla hujaniona.

Umeandika kwamba ungekuwa na hasira kama ningekuwa na njia. Basi kaa chini.

Siku ile ya pili nilikuwa uwanja wa ndege tangu saa mbili asubuhi. Tiketi ninayo, begi ninalo, na ndani ya begi nilitia wembe wa Sheffield, ule wa pembe, kwa sababu nilifikiri nitamnyoa baba na ulio mzuri kuliko yote. Kule akanipigia mchana nikiwa bado nimekaa pale. Alikuwa na hamu ya kunitia moyo. Akasema, "Watu wote wako nakungoja, yaya. Baba wadogo wamesema mutoto wa kinyozi ndiye atanyoa. Wameweka kiti." Nikauliza ni watu wangapi. Akasema yadi imejaa.

Nikaitazama mikono yangu. Nikawaona wazee wale wote wamesimama, wanangoja mkono wa Floribert kwenye mkono wangu, na mimi sijui hata kidole gumba kinakaa wapi. Nikaona nikimkata usoni mbele yao. Nikasikia wakiuliza wembe wa muzee uko wapi. Yaya, sikumwogopa baba aliyekufa wala Mungu. Niliogopa kuchekwa, tena na vinyozi, mimi mwalimu.

Nikamwambia Kule ndege imejaa.

Haikujaa. Tulikuwa abiria saba kwa viti kumi na viwili. Walipofungua mlango walisoma majina, na la kwangu wakalisoma lote, mpaka la baba. Walilisoma mara tatu. Nilikuwa nimeketi mita kumi kutoka pale, begi magotini. Yule kijana wa orodha akanikaribia, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa Floribert.

Nikamwambia hapana.

Adolphe